Joho la heshima lianzie Gombe

Tangu Jane Goodall, mtafiti wa sokwe wa Hifadhi ya Gombe, afariki dunia tarehe 1 Oktoba 2025, kauli moja imekuwa ikirudiwa hapa Kigoma, vijiweni na kwenye makundi ya simu: kwamba yule mama alikuwa daktari wa heshima tu, maana hakuwahi kusoma shahada ya kwanza. Wapo wanaoisema ili kumpunguza. Wapo wanaoisema ili kumtetea kila aliyevishwa joho la heshima miaka hii, wakiuliza, mbona hata Goodall? Wote wamekosea, na kosa lao linatugharimu, kwa sababu linatuacha tukibishania herufi tatu za "Dkt." wakati swali la shahada ya heshima ina kazi gani halijaguswa. Msimamo wangu ni huu: mwanasayansi ambaye tayari ana shahada zake na tuzo zake haongezewi chochote na shahada ya heshima. Kazi yake halisi ni kutamka hadharani kwamba mtu fulani amezalisha elimu, pale ambapo njia ya kawaida ya darasani haikuweza kulitamka hilo. Kwa kipimo hicho, wanaostahili kuvishwa wa kwanza katika magharibi ya Tanzania ni Watanzania walioandika kumbukumbu za sokwe wa Gombe mwaka baada ya mwaka, na chuo kikuu chochote kinachotia mguu Kigoma kingefanya vema kuanza nao.

Kwanza tuweke sawa habari ya Goodall mwenyewe. Alifika Gombe tarehe 14 Julai 1960, akiwa na umri wa miaka 26, akiwa amesomea ukatibu muhtasi. Aliyemtuma ni Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale aliyekuwa na makao yake Nairobi, ambaye aliona kuwa macho makini na subira vingemfaa zaidi porini kuliko cheti. Ndani ya miezi michache binti huyo alimwona sokwe akitumia kijiti kuchokoa mchwa kichuguuni, wakati ambapo vitabu vilifundisha kuwa kutengeneza na kutumia zana ni sifa ya binadamu peke yake. Mwaka 1962 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimpokea moja kwa moja kusomea uzamivu bila shahada ya kwanza, ruhusa waliyoipata watu wachache mno. Huko alikosolewa kwa kuwaita sokwe kwa majina badala ya namba. Akaandika tasnifu, akaitetea, na kufikia mwaka 1966 alikuwa amekwisha kuipata shahada yake. Ile ni shahada ya jasho, haina harufu ya heshima hata kidogo. Shahada za heshima zilimjia baadaye, kwa makumi, kutoka vyuo vya mabara mbalimbali, na sioni hata moja iliyobadilisha namna wanasayansi wenzake walivyozisoma kazi zake. Uamuzi wa Cambridge wa mwaka 1962 ulikuwa mkubwa kuliko majoho yote yale, kwa sababu siku ile chuo kikuu kiliitazama kazi kabla ya kuuliza cheti.

Swali linalofuata linatuhusu sisi zaidi. Kama mlango ule uliweza kufunguliwa kwa binti wa Kiingereza aliyekuwa na miaka miwili tu porini, kwa nini haukufunguliwa kwa watu wa kando ya ziwa ambao wengine wao wamekaa na sokwe haohao zaidi ya miongo miwili?

Usiku wa tarehe 19 Mei 1975, watu wenye silaha walivuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Zaire, wapiganaji wa Laurent Kabila, wakavamia kituo cha utafiti cha Gombe na kuteka wanafunzi wanne wa kigeni. Baada ya mazungumzo marefu na fidia wote waliachiwa wakiwa hai, lakini utafiti kama ulivyokuwa ukiendeshwa ulikoma siku hiyo. Wanafunzi wa Kimarekani na wa Ulaya waliondoka, na kwa muda mrefu Goodall mwenyewe hakuweza kukaa hifadhini kama zamani. Mradi wa miaka 15 ungeweza kufia pale. Haukufa, kwa sababu wasaidizi wa utafiti wa Kitanzania, wengi wao vijana kutoka vijiji vya mwambao vinavyopakana na hifadhi, wenye elimu ya msingi au chini ya hapo, waliendelea kupanda mabonde na kushuka, wakimfuata sokwe mmoja tangu anapoamka kiotani hadi anapojenga kiota kingine jioni, na kuandika kila alichokula, aliyekutana naye, aliyepigana naye, aliyezaa na aliyekufa. Maelezo hayo waliyaandika kwa Kiswahili. Anayesoma leo makala ya kitaalamu kuhusu Gombe katika jarida la Ulaya au Marekani anasoma kitu ambacho sehemu yake kubwa iliandikwa kwanza kwa kalamu ya mtu wa Kigoma.

Kuna msemo unaopenda kurudi mada hii inapoguswa: wao walikusanya tu, waliochambua ni wengine. Hoja hii nyepesi inaaminiwa hata na watu waliosoma, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Mwezi Januari 1974, Hilali Matama, aliyekuwa kiongozi wa watafiti wa Kitanzania Gombe, aliwaona sokwe madume wa kundi la Kasakela wakimshambulia Godi, dume wa kundi la Kahama lililokuwa limejitenga kusini. Hilo ndilo shambulio la kwanza kuandikwa katika mlolongo wa mauaji ambao sayansi inauita vita vya miaka minne, na uliobadilisha kabisa picha ya sokwe kama mnyama mpole. Ili uone jambo lile na ujue kuwa umeona kitu kipya, lazima uwe tayari unamjua Godi na kila mmoja wa wanaompiga, ujue alizaliwa upande gani na mara ya mwisho walikutana lini, na uweze kutofautisha ugomvi wa kawaida na nia ya kuua. Uyatambue yote hayo ndani ya vichaka, kwa dakika chache, huku wanyama wakipiga kelele na kukimbia. Mtu anayeita hiyo kazi ya kukusanya tu hajawahi kujiuliza uchambuzi unaanzia wapi. Takwimu za tabia ya wanyama hazichumwi kama maembe. Kila mstari kwenye daftari ni hukumu ya mtu aliyejua atazame nini na aache nini.

Faida yake haikuishia kwenye tabia ya sokwe. Mwaka 2009 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliotumia sokwe wa Gombe kuonyesha kwamba virusi vya SIV, asili ya vile vinavyosababisha Ukimwi, vinawaua sokwe wa porini. Kabla ya hapo wengi waliamini vinaishi mwilini mwao bila madhara makubwa. Sokwe walioambukizwa walikuwa na hatari ya kufa mara 10 hadi 16 kuliko wenzao wa umri uleule ambao hawakuambukizwa. Vipimo vilitoka kwenye kinyesi na mkojo vilivyookotwa porini, na maabara zilikuwa mbali sana na hapa. Lakini maabara haiwezi kukuambia sokwe fulani ana umri gani, mama yake ni nani, au alionekana kwa mara ya mwisho tarehe ngapi. Umri na tarehe ya kifo vilitoka kwenye kumbukumbu za kila siku. Ukiziondoa hizo, utafiti ule hausimami.

Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kinajenga kampasi hapa Kigoma kupitia HEET, mradi wa elimu ya juu wa serikali unaogharimiwa na Benki ya Dunia kwa dola milioni 425. Wengi wanaitazama kampasi hiyo kwa jicho la ajira, nyumba za kupanga na wauguzi wa kesho, na wana haki. Lakini chuo kikuu kinapokuja mahali huja pia na mamlaka ya kusema nani ni msomi. Siku moja kitaandaa mahafali, kitakaa na orodha ya wanaopendekezwa kwa heshima, na orodha hiyo itakuwa tamko lake la kwanza kuhusu Kigoma. Haya hayahusu chuo hicho peke yake. Kilimo, wanyamapori, uvuvi wa ziwa, vyote vina vyuo vyake nchini, na kila kimoja kina watu wa aina ya Matama kwenye shughuli yake.

Desturi yenyewe haina historia safi, na wanaoitilia shaka wana sababu. Shahada ya heshima ya kwanza inayojulikana ilitolewa Oxford mwishoni mwa miaka ya 1470 kwa Lionel Woodville, ambaye dada yake alikuwa mke wa Mfalme Edward wa Nne. Kujipendekeza kwa wenye nguvu, basi, kulizaliwa pamoja na desturi yenyewe. Mwaka 1985 wanazuoni wa Oxford hiyohiyo walipiga kura 738 dhidi ya 319 kumnyima heshima Waziri Mkuu Margaret Thatcher, aliyesomea kemia chuoni hapo, kwa hasira ya kupunguzwa kwa fedha za elimu. Edinburgh ilimtunuku Robert Mugabe mwaka 1984 na kumnyang'anya mwaka 2007. Kwetu Tanzania, Chuo Kikuu cha Dodoma kilimtunuku Rais Magufuli mwaka 2019, miaka kumi baada ya yeye kuipata shahada ya uzamivu ya kemia Dar es Salaam, na mwaka 2022 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kikamtunuku Rais Samia Suluhu Hassan. Vyuo vingine, kama MIT cha Marekani, vimekataa kabisa kutoa shahada za namna hii, na Cornell kilitoa mbili tu mwaka 1886 na hakijatoa nyingine. Pembeni ya vyuo halali kuna taasisi zisizotambulika zinazogawa udaktari wa heshima hotelini kwa wenye uwezo wa kulipia. Mwananchi anayeyaona haya yote kwa pamoja anakuwa na haki ya kuchoka.

Hoja nzito kuliko zote dhidi ya desturi hii niliikuta kwa mwanafizikia Richard Feynman. Chuo Kikuu cha Chicago kilipotaka kumtunuku mwaka 1967 alikataa, akieleza kwamba aliikumbuka kazi aliyoifanya Princeton kupata shahada yake halisi, na kwamba siku ileile aliyovishwa aliwaona watu wengine wakipewa za heshima jukwaani bila kufanya kazi. Kwake ilikuwa sawa na kumpa mtu leseni ya heshima ya ufundi umeme. Naiheshimu hoja hii kwa sababu imetoka kwa mtu aliyekuwa na cha kupoteza na akakipoteza kwa hiari. Ila tuitazame inasema nini hasa. Inamhusu mtu anayepewa cheti cha kazi asiyoifanya, au mtu ambaye tayari ana cheti halisi na anaongezewa kivuli chake. Haimgusi fundi aliyetandaza nyaya za mji mzima kwa miaka thelathini bila leseni kwa sababu chuo cha ufundi hakikuwahi kufika kijijini kwao. Kwa huyo, leseni ya heshima inarekebisha kumbukumbu iliyokuwa na pengo. Nikiifuata hoja ya Feynman mpaka mwisho wake, inanipa sababu ya kuacha kuwapa heshima akina Feynman na kuanza kuwapa akina Matama.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika sana, ile ya jina: kwamba mzee wa darasa la saba akiitwa daktari watu watachanganyikiwa, na wanaohangaika na uzamivu kwa miaka mitano watajiona wamedharauliwa. Desturi njema ya vyuo duniani ni kwamba aliyetunukiwa kwa heshima halitumii jina hilo katika shughuli za kila siku, wala shahada hiyo haimruhusu kufundisha au kutibu. Chuo kinachoandika sharti hilo kwenye cheti na kulisoma hadharani siku ya mahafali kimekwisha kumaliza mjadala. Tena mwanafunzi wa uzamivu wa ikolojia anayetumia takwimu za miaka 60 za Gombe ana deni kwa watu hao kuliko mtu mwingine yeyote. Sijui atadharauliwaje na heshima wanayopewa waliomfanya aandike tasnifu yake.

Wala si jambo geni. Kamoya Kimeu, Mkenya aliyeingia kwenye kazi ya Leakey akiwa kibarua, ndiye aliyeliona taya la Peninj, la jamaa wa kale wa binadamu, karibu na Ziwa Natron, upande wetu wa mpaka, mwaka 1964, na mwaka 1984 akakiona kipande cha kwanza cha mifupa ya yule mtu wa kale anayeitwa Kijana wa Turkana. Chuo Kikuu cha Case Western Reserve cha Marekani kilimtunuku udaktari wa heshima wa sayansi mwaka 2021. Vivien Thomas, Mmarekani mweusi asiyekuwa na shahada, alibuni maabarani upasuaji ulioanza kuokoa watoto wenye ugonjwa wa moyo mwaka 1944. Johns Hopkins ilimtunuku mwaka 1976, na kwa sababu ya kanuni zake ikampa ya sheria badala ya ya udaktari wa tiba, jambo ambalo hadi leo linanikera. Hamilton Naki wa Afrika Kusini alianza kama mtunza bustani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, akaishia kufundisha madaktari upandikizaji wa viungo kwa wanyama wa maabara, na mwaka 2003 chuo hicho kilimpa shahada ya heshima ya uzamili katika tiba. Hapo kwa Naki pana onyo. Zilienea habari kwamba alishiriki upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu mwaka 1967, na magazeti makubwa yalilazimika kusahihisha baada ya kifo chake, kwa kuwa halikuwa kweli. Alichokifanya maabarani kilitosha kabisa. Chumvi iliyoongezwa ndiyo iliyowapa watu nafasi ya kukitilia shaka.

Pingamizi moja silibezi hata kidogo, nalo linatoka kwa watu wanaowapenda watafiti hawa. Wanasema: msiwavishe joho mkawasahaulisha mshahara, pensheni na majina yao kwenye makala. Ni kweli kwamba joho ni rahisi kuliko mkataba. Nchi hii iliwahi kuona namna bora zaidi. Erasto Mpemba alipokuwa mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba mwaka 1963 aligundua kuwa mchanganyiko wake wa aiskrimu ulioingizwa kwenye jokofu ukiwa wa moto uliganda kabla ya uliopoa. Mwalimu alimkatalia na wenzake wakamcheka. Baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, ambaye alirudi chuoni akalijaribu. Makala yao ilitoka mwaka 1969, na jina la Mpemba lilitangulia la mhadhiri. Hiyo ndiyo heshima ya kwanza, jina kwenye kazi, na haihitaji mahafali. Gombe majina ya watafiti wa Kitanzania yameingia kwenye makala mbalimbali, lakini mara nyingi zaidi yapo kwenye aya ya shukrani. Kwa hiyo nasema viende pamoja: chuo kinachotaka kumtunuku mtu kama huyo kwanza kitumie nguvu yake kudai jina lake liandikwe mahali pake, na kitazame kama analipwa inavyostahili. Ila silikubali wazo kwamba tusubiri haki zote zikamilike ndipo heshima ije. Mshahara unalipa siku za kazi, na mtu anaweza kulipwa vizuri huku watoto wa shule za Mwandiga na Kasulu wakikua bila kujua kwamba mtafiti anaweza kuwa mtu wa kwao.

Likikubaliwa hilo, namna ya kulifanya inajielekeza yenyewe. Seneti isiombe barua za sifa. Iombe ushahidi kama inavyoombwa tasnifu: aliandika nini, miaka gani, ni makala zipi zinasimama juu ya maandishi yake, jambo gani aliliona kabla ya wengine. Wasifu huo uchapishwe wote kwa Kiswahili, bila chumvi. Ngazi ilingane na kazi. Kwa wengine uzamili wa heshima, kama wa Naki, utakuwa sahihi kuliko udaktari, na hakuna aibu hapo. Hafla ifanyike Kigoma ili jamaa zake waje kwa boti na daladala, asisafirishwe yeye kwenda kukaa ukumbi wa Dar es Salaam asikomjua mtu. Tena chuo kiende na ombi mkononi. Kumbukumbu za Gombe zimetunzwa kwa miaka mingi katika vyuo vya Marekani, kwanza Minnesota kisha Duke, ambako zilipigwa chapa, kutafsiriwa na kuingizwa kwenye kompyuta. Waliozitunza walizitunza vizuri. Nakala kamili ya maandishi ya Kiswahili ikae hapa, wanafunzi wetu waweze kuyasoma kama yalivyoandikwa.

Hofu yangu ni muda. Vyuo vingi havitunuku shahada ya heshima kwa marehemu. Kamoya Kimeu alifariki Julai 2022, mwaka mmoja tu baada ya kutunukiwa, akiwa amefanya kazi hiyo tangu miaka ya 1960. Aliyekuwa na miaka 20 asubuhi ile ya Mei 1975, alipopanda mlima na daftari wakati wageni wamechukuliwa, sasa ameshavuka 70. Kamati ya kuchambua majina haihitaji kusubiri jengo lolote likamilike Kigoma. Inaweza kukaa muhula huu.